Maliza madeni kabla ya kiinua mgongo: mwongozo kwa mtumishi wa mshahara mmoja

Mwaka 2022 mshahara wangu ulikuwa ukiingia tarehe 23, na ikifika tarehe 27 nilikuwa nachungulia salio la simu kuona kama nauli ya kesho ipo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro, niliyeajiriwa 2004. Mume wangu ni fundi seremala: mwezi mmoja ana kazi tatu, mwezi unaofuata hana hata moja.

Kilichonizindua ni mwenzetu aliyestaafu mwaka huo. Mafao yake yaliingia Ijumaa. Benki ikachukua salio la mkopo wake, Jumamosi asubuhi akawa kwa mkopeshaji wa mtaani, mchana kwa muuza mabati aliyekuwa amemkopesha. Jumatatu alikuja shuleni kutuaga na katoni mbili za soda, na wakati wengine wanafungua chupa akaniita pembeni akaniuliza kama nina elfu hamsini.

Tangu siku ile nikashika mambo mawili. Deni life kabla sijastaafu. Na likishakufa, ile pesa iliyokuwa ikikatwa isirudi jikoni. Hatua zinazofuata zote zinazunguka hayo mawili. Nimeandika kwa ajili ya mtumishi wa umma wa Tanzania mwenye miaka kumi au zaidi mbele yake, ila hatua za mwanzo zinamfaa yeyote.

Hatua ya 1: Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja

Chukua daftari la kurasa 32 lile la wanafunzi. Andika unayemdai... samahani, anayekudai, kiasi kilichobaki, unachokatwa kwa mwezi, na riba. Usiache deni hata moja kwa sababu ni la aibu. Ukurasa wangu ulikuwa hivi: benki, 312,000 kwa mwezi. SACCOS ya walimu, 90,000 kwa mwezi, imebaki 1,350,000. Kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, 600,000, riba 120,000 kila mwezi bila kugusa mtaji. Dada yangu, 300,000. Mangi wa dukani, 87,000. Mkopo wa simu, 46,000. Halafu nikakumbuka la saba: ahadi ya mchango wa harusi, laki moja. Ahadi ya mchango ni deni, na mwenye kamati anakumbuka kuliko benki.

Pembeni yake weka hati yako ya mshahara na uisome mstari kwa mstari. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 980,000. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, 5% ni 49,000, bima ya afya 3% ni 29,400, chama cha walimu 2% ni 19,600, kodi ya mshahara 110,750. Toa na benki, toa na SACCOS, nikabaki na 369,250. Sheria inataka mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na theluthi yangu ilikuwa 326,667, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa salama. Lakini mtu wa kausha damu haonekani kwenye hati ya mshahara. Nikimpa 120,000 zake nabaki na 249,250, chakula, umeme, nauli na watoto watatu vyote humo.

Kama ulisoma chuo kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, kuna 15% nyingine ya mshahara wa msingi. Hiyo usihangaike nayo sana, itaisha yenyewe. Wewe omba taarifa ya salio kila mwaka ujue inaishia lini.

Hatua ya 2: Nenda benki ukaulize swali moja

Swali ni hili: "Nikitaka kuufunga mkopo wangu leo, nalipa shilingi ngapi?" Usiulize umebakiza miezi mingapi. Jibu lake ndilo lililonifanya nikae kwenye kiti pale kaunta.

Nilikuwa nimekopa milioni 12 kwa miezi 60. Miezi 24 imepita, nimeshalipa 7,488,000. Nikadhani nimebakiza kama milioni nne na nusu. Yule binti akaandika kwenye kikaratasi: 8,490,000. Yaani katika milioni saba na nusu niliyolipa, deni limepungua kwa milioni tatu na nusu tu, zilizobaki zimekwenda kwenye riba. Ndivyo mkopo wa benki unavyokwenda: miaka ya mwanzo unalipa riba zaidi, mtaji unaanza kuliwa kwa kasi mwishoni.

Sasa fikiria topapu. Afisa mikopo anakuja shuleni saa nne, wakati wa chai, anakwambia una sifa ya kuongezewa milioni nne. Anachofanya ni kuufunga mkopo wako wa zamani kwa mkopo mpya wa miezi 60, kwa hiyo unarudi kwenye ile miaka ya mwanzo ya riba, na ile miaka ya mwisho ambayo mtaji ungekatika haraka huifikii kamwe. Kuna walimu wamechukua topapu mara nne mfululizo, mkopo wa 2011 bado wanaulipa hadi leo ndani ya mikopo mingine.

Kikaratasi kile kina upande mzuri pia. Miezi 36 iliyobaki ya 312,000 ingekuwa 11,232,000. Kuufunga siku ile kungekuwa 8,490,000. Kila shilingi unayoiwahisha inakuokoa riba yake ya mbele, ila uliza kwanza kama mkataba wako una tozo ya kulipa mapema.

Hatua ya 3: Funga mlango

Mwezi huohuo unaoanza, mikopo mipya basi. Futa programu za mikopo kwenye simu. Jitoe kwenye ile huduma ya kukamilishiwa muamala salio lisipotosha, maana hiyo ndiyo inayokula bila kelele: unatuma elfu ishirini, kesho yake ukipokea hela yoyote inamezwa na ada juu.

Na kama kadi yako ya benki iko kwenye droo ya mkopeshaji kama dhamana pamoja na namba ya siri, anzia hapo. Mpangilio huo una maana kwamba tarehe 23 mwenye mshahara wako ni yeye, wewe unasubiri akupe chenji. Mwambie utamlipa kwa tarehe mliyoandikiana, na siku ya kumaliza uondoke na kadi mkononi, upite moja kwa moja kwenye mashine ubadilishe namba ya siri. Kwa taarifa yako, ukomo wa riba uliowekwa kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ya Benki Kuu ni 3.5% kwa mwezi. Laki sita kwa riba hiyo ni 21,000. Mimi nilikuwa natoa 120,000.

Kuna mkopo mpya mmoja tu ninaoukubali: wa kuhamisha deni kali kwenda kwenye deni jepesi, kwa mfano SACCOS ikulipie kausha damu. Masharti ni kwamba hela isipite mkononi mwako kwenda sokoni, na deni la zamani lifungwe siku hiyohiyo kwa maandishi.

Hatua ya 4: Panga nani anakufa kwanza

Hesabu inasema uanze na lenye riba kali. Ni kweli, na mimi nilifanya hivyo, isipokuwa kwa moja. La Mangi nililipa kwanza, ingawa halikuwa na riba hata senti, kwa sababu kwa miezi miwili nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ya msikiti ili nisipite dukani kwake, na kule nyuma nilikuwa nanunua sukari kwa bei ya juu zaidi. Aibu nayo ina gharama zake.

Baada ya hapo, kausha damu. Kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba, kinavunja na kugawana Desemba, na gawio langu mwaka ule lilikuwa 410,000. Kila mwaka gawio hilo lilikuwa la nguo za Krismasi na safari ya kijijini. Safari hii mume wangu akaongeza 190,000 ya milango aliyotengeneza, tukapeleka 600,000 kamili, tukarudi na kadi. Krismasi tulikula wali na kuku wetu wa bandani, watoto wakavaa nguo za mwaka uliopita. Mdogo alinuna hadi tarehe mbili Januari.

Kuanzia hapo zile 120,000 za riba zikawa silaha. Simu ikaisha, dada akalipwa kwa miezi mitatu, ahadi ya harusi nikaitoa kwa mafungu. Kila deni lililokufa liliacha hela yake kwa linalofuata. SACCOS ilipoisha, nikawa na 210,000 kwa mwezi ambazo hazikuwa na mwenyewe, nikaziweka kando kwa ajili ya benki. Mkopo wa benki niliufunga Februari 2025, miezi saba kabla ya muda wake.

Hatua ya 5: Jikoni

Hapa watu hukosea kwa kuanza na chakula chenyewe. Wanaruka mlo wa mchana, wanaondoa maharage, wiki ya tatu mtoto anaumwa na hela inakwenda dawani. Kubana matumizi hakuanzi kwenye sahani, kunaanzia kwenye kipimo.

Maskini ananunua ghali kwa sababu ananunua kidogokidogo. Nilifanya zoezi la wiki moja, nikaandika kila kitu nilichonunua kwa kipimo. Mafuta ya kupimiwa dukani yalikuwa yananifikia kama 7,000 kwa lita, wakati dumu la lita 5 lilikuwa 27,500, yaani 5,500 kwa lita. Mkaa wa kopo dhidi ya gunia ndiyo usiseme. Tatizo ni kwamba huna 27,500 kwa mkupuo. Kwa hiyo usijaribu kubadilisha vyote mwezi mmoja. Mwezi wa kwanza dumu la mafuta, wa pili mchele kilo 25, wa tatu sabuni mche kwa katoni, na ile chenji inayobaki kila mwezi ndiyo inayonunua kinachofuata.

Mahindi nunua wakati wa mavuno. Kwetu yanashuka kutoka Gairo kuanzia Julai, na kufika Januari bei ni nyingine kabisa. Tunachangia usafiri walimu wanne, tunayaanika tena mpaka punje ukiiuma inapasuka kwa mlio, kisha tunayafunga kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa. Gunia lililofungwa vizuri halihitaji dawa. Kusaga tunasaga dona, hakuna hela ya kukoboa na pumba haipotei.

Umeme: mtumiaji mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kwenye kundi la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, wakati kundi la kawaida ni 292. Kama nyumba yako ni ya taa, redio na televisheni halafu unalipa bei ya kundi kubwa, nenda TANESCO uulize. Pasi ya umeme na jiko la kuchemshia maji ndivyo vinavyokuvusha mpaka.

Usipunguze bima. Na kama wewe ni mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kazini, nafasi za wategemezi ni nne mbali na mwenza. Sisi tuna watoto watatu, nafasi ya nne nikamwandikisha mama yangu. Kabla ya hapo kila akilazwa nilikuwa nakopa.

Hatua ya 6: Michango

Hii sikuitarajia ingekuwa ngumu kuliko zote. Mwaka 2022 nilihesabu: harusi tano, sendofu tatu, kipaimara kimoja, misiba sita. Bila sare. Ukijumlisha kitenge cha sare na mshonaji, ilikuwa zaidi ya mshahara wangu mzima wa mwezi mmoja.

Tulichofanya ni kupanga fungu la mwaka, 180,000, elfu kumi na tano kila mwezi kwenye bahasha. Msiba unatangulia daima, kwa sababu msiba hauna kadi wala haurudiwi. Harusi ni za damu na za majirani wa ukuta mmoja. Bahasha ikiisha Oktoba, imeisha. Na jambo kubwa zaidi: sema mapema, taja kiasi, na utume hapohapo. Mazungumzo yangu ya kwanza nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari kabla ya kupiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kadi uliipata?"

"Nimeipata shangazi, hongera sana. Mwaka huu nina makato mazito, laki moja sitaiweza. Natuma elfu thelathini leo hii, na Ijumaa nakuja kushinda nawe jikoni."

Kimya. Nikasikia anamfukuza kuku.

"Haya mama. Bora wewe umesema. Wenzio wanaahidi laki mbili, halafu simu hazipokelewi."

Ijumaa nilimenya vitunguu mpaka saa saba usiku, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sikuvaa sare.

Hatua ya 7: Januari

Mikopo mingi ya walimu huzaliwa Januari, na Januari haijawahi kuchelewa kufika. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za serikali haina ada tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, magodoro ya bweni na nauli vipo palepale. Piga jumla ya Januari iliyopita, gawanya kwa 11, anza kuweka Februari.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa shule ya binafsi ya Kiingereza. Tulimhamishia ninapofundisha mimi. Tulibishana nyumbani wiki mbili, na mume wangu hadi leo anaamini tulikosea. Sitakuambia ufanye hivyo. Nasema tu: ada ya shule ya binafsi inayolipwa kwa kausha damu, mtoto atakuja kuilipa tena wewe ukiwa mzee mkononi mwake.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya mafao yako mwenyewe

Usisubiri semina ya wastaafu. Kwa PSSSF, kanuni inaanza na 1/580, zidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu bora. Kuanzia Julai 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayopewa mara moja unapostaafu, ulikuwa 33%. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha: 40% kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikitoa 50% zamani, na 35% kwa wale wa 25%.

Mfano wangu, nikistaafu kwa lazima nikiwa na miaka 60, mwaka 2034: miezi 360, tuseme wastani wa milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Gawanya 360 kwa 580, zidisha kwa milioni 12, unapata 7,448,276. Hicho ndicho kiini. Kwa mkupuo, zidisha kwa 12.5 kisha chukua 40%: ni 37,241,379. Kwa pensheni ya kila mwezi, gawanya kiini kwa 12 kisha chukua 60%: ni 372,414.

Iangalie hiyo 372,414. Ile hati yangu ya 2022, baada ya makato ya benki na SACCOS, ilikuwa ikiniachia 369,250. Yaani maisha ya uzeeni nilikuwa nimeshayafanyia mazoezi bila kujua, tena nikiwa na watoto wa kusomesha. Tangu nione hivyo sijawahi kuiona bajeti yetu kama adhabu.

Hatua ya 9: Makato yaendelee

Mwezi ambao mkopo unaisha, mshahara unaoingia unaonekana kama umepandishwa daraja. Hapo ndipo wengi huanguka: sofa mpya, simu mpya, na baada ya mwaka topapu. Wiki moja kabla ya mwezi huo nenda benki uandikishe agizo la kudumu kwa kiasi kilekile, tarehe ya mshahara, kwenda unakotaka hela ikae. Langu ni 300,000. Zile 12,000 nilijizawadia, nanywa supu Jumamosi.

Kwanza jaza mfuko wa dharura wa matumizi ya miezi mitatu, mahali unapoweza kuzitoa ndani ya siku chache. Mimi natumia mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja ambako unanunua vipande. Thamani ya vipande haina ahadi ya serikali, lakini kwa dharura unanitosha. Ukijaa, nenda kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba. Kiwango cha chini ni milioni moja, unafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani, kupitia benki yako, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Riba hizo hupanda na kushuka: hatifungani ya miaka 25 ilianza 2021 kwa 15.95%, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56%. Aliyenunua ya kwanza anaendelea kulipwa yake ileile. Chagua muda unaokufaa. Mwenye miaka 50 anayetaka hela ya kumalizia nyumba hahitaji ya miaka 25, ya miaka 10 au pungufu inamtosha.

Mtu akikupigia kukuahidi 10% kwa mwezi, mwambie uko darasani.

Hatua ya 10: Begi la karatasi

Nunua begi lenye zipu. Weka humo barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa vyeo, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha NIDA. Ingia PSSSF Kiganjani uangalie michango mwezi kwa mwezi, hasa ile ya kabla ya mifuko kuunganishwa Agosti 2018. Deni lolote likiisha, dai barua ya kumaliza mkopo, na mwezi unaofuata angalia kama mstari wake umetoka kwenye hati ya mshahara. Wangu ulikatwa mara moja zaidi, na barua hiyo ndiyo iliyorudisha 312,000 yangu baada ya wiki tano.

Kisha weka karatasi zote mezani, usome jina lako kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Jina langu la kati lilikuwa na "y" kwenye cheti na "i" kwenye barua ya ajira. Kuirekebisha kulichukua miezi minne, hati ya kiapo, na safari tatu za ofisini. Mimi nilikuwa na miaka kumi mbele yangu ya kuifuatilia.